Mwanao anajifunza "udukuzi" kwenye simu? Muulize haya kabla hujaichukua

Mama mmoja wa Rulenge, wilayani Ngara, amenitumia meseji ndefu. Kijana wake amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo. Kutwa yuko kwenye simu, na usiku taa ikizimwa bado uso wake unaonekana kwa mwanga wa kioo. Mama alipofungua daftari lake alikuta kurasa nzima za herufi zisizosomeka, namba ndefu na maneno ya Kiingereza. Alipouliza, akajibiwa kwamba ni masomo ya usalama wa kompyuta. Sasa kijana anaomba hela ya kahawa inunue kompyuta mpakato ya mtumba. Baba anasema huyo anaelekea kuwa mwizi wa "tuma kwa namba hii", simu ichukuliwe leo leo.

"Wewe unaandika mambo ya afya," anamalizia mama, "lakini umesoma. Niambie, mwanangu anaumwa, ni mwizi, au anasoma kweli?"

Mama, shikamoo. Hauko peke yako. Wazazi wa Biharamulo mjini na Nyakanazi wameniuliza yanayofanana na hayo. Jibu fupi ni kwamba huenda anasoma kweli, tena somo zuri. Ila ni somo ambalo mtoto hapaswi kuachwa nalo peke yake gizani, na nitaeleza kwa nini.

Zile herufi daftarini

Tuanze na kilichokutisha. Chukua jina NGARA. Kila herufi isogeze mbele hatua tatu katika alfabeti: N inakuwa Q, G inakuwa J, A inakuwa D, R inakuwa U. Utapata QJDUD. Hilo ni fumbo, na linahusishwa na mtawala wa Roma, Julius Caesar, aliyelitumia katika barua zake zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Karibu kila anayejifunza elimu ya mafumbo ya siri huanzia hapo.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Hili nalo lina udhaifu. Alfabeti ina herufi 26, hivyo kuna njia 25 tu za kusogeza, na mtu mwenye kalamu atazimaliza zote kabla ugali haujaiva. Kuna njia ya haraka zaidi. Msomi wa Baghdad, Al-Kindi, aliandika katika karne ya 9 kwamba ukihesabu herufi inayojirudia mara nyingi katika fumbo, utaijua ni ipi katika lugha ya kawaida. Kwa Kiswahili herufi hiyo ni A. Tazama QJDUD: ni herufi gani imejirudia? D. Basi D ni A, na fumbo limefunguka.

Kama daftari la mwanao limejaa hesabu za namna hiyo, hiyo ni hisabati, mama. Hakuna simu ya mtu iliyoguswa.

Kufuli lililo wazi

Akiendelea atakutana na jambo zuri zaidi, nalo ndilo linalolinda fedha zako kwenye simu. Tuseme mwanao yuko bweni Bukoba nawe unataka kumtumia sanduku ambalo hakuna kondakta wa basi atakayelifungua. Ukilifunga kwa kufuli, ufunguo utaufikishaje? Ukiutuma kwa basi hilo hilo, kondakta anaupata.

Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walichapisha njia ya kulitatua hilo. Kwa mfano wetu, mwanao anawagawia watu wote makufuli yaliyo wazi, lakini ufunguo anabaki nao mwenyewe. Yeyote anaweza kubana kufuli. Kulifungua anaweza yeye tu. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakatengeneza kufuli kama hilo kwa namba tasa, zile zile za shule ya msingi. Kuzidisha 53 kwa 61 upate 3,233 ni kazi ya dakika moja. Lakini ukipewa 3,233 peke yake uambiwe utafute namba mbili zilizoizaa, utakaa kitako. Kufuli halisi za leo hutumia namba zenye tarakimu zaidi ya 600, na hakuna kompyuta ya kawaida inayoweza kuzirudisha nyuma.

Wazo la makufuli ya namna hii limo ndani ya WhatsApp, ambayo tangu mwaka 2016 hufumba ujumbe wote kati ya simu na simu.

Na ni elimu ambayo watu wengi wameipata kwa kujifundisha. Mfano wa hapa Afrika ni Tim Jenkin, mwanachama wa ANC aliyetoroka gereza la Pretoria mwaka 1979 kwa funguo za mbao alizochonga mwenyewe. Akiwa London alijifundisha kuandika programu za kompyuta. Yeye na mwenzake Ronnie Press wakatengeneza mfumo wa mafumbo ambao mwishoni mwa miaka ya 1980 uliwawezesha viongozi waliokuwa Lusaka kuwasiliana na wapiganaji waliojificha ndani ya Afrika Kusini. Ujumbe uligeuzwa kuwa sauti, ukarekodiwa kwenye kaseti na kupigwa kupitia simu za barabarani. Polisi wa makaburu wangeusikiliza, wasingeambulia kitu.

Mwizi havunji kufuli, anakuomba ufunguo

Sasa turudi kwa wasiwasi wa baba. Wezi wa "ile hela itume kwenye namba hii" hawajui mafumbo, wala hawayahitaji. Anayekupigia saa nne asubuhi kwamba mwanao ameanguka shuleni, yuko hospitali, tuma hela ya dawa haraka, hajavunja mfumo wowote. Amevunja utulivu wako. Vivyo hivyo anayekuomba "ile namba ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yako kwa bahati mbaya". Ukimpa, anaichukua WhatsApp yako na kuanza kuwakopa ndugu zako kwa jina lako. Fumbo la tarakimu 600 halisaidii kitu kama mlango umefungua mwenyewe.

Au chukua namba ya siri ya pesa za simu. Tarakimu nne zina uwezekano wa namba 10,000. Lakini ukiweka mwaka wako wa kuzaliwa, au wa mtoto, mwizi anajua ni kati ya 1950 na 2010. Umemwachia namba 61 tu.

Hayo ndiyo anayofundishwa mtu anayesoma usalama wa kompyuta. Mwanao akiyaelewa, anaweza kuwa mlinzi wa simu za ukoo mzima, kuanzia kwa bibi asiyejua kusoma meseji.

Kwa nini mwandishi wa afya anajali

Januari 2025 sisi wa Kagera tulikuwa na Marburg Biharamulo. Ilitangazwa tarehe 20 Januari na ikatangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Watu 10 walihesabiwa, wawili wakiwa wamethibitishwa na maabara na wanane wakidhaniwa, na wote walifariki. Katika wiki kama zile, picha ya daftari la wagonjwa ikipigwa kwa simu na kuingia kwenye kundi la WhatsApp, familia nzima inaweza kutengwa kisimani, sokoni na kanisani. Mtu akiogopa kutajwa anaficha homa, na homa iliyofichwa inaua wengine. Siri ya mgonjwa ni sehemu ya tiba.

Siri hiyo sasa haikai kwenye kabati tu. Hospitali na vituo vingi vya afya vya umma nchini vinatumia mfumo wa kompyuta uitwao GoTHOMIS. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya na za watoto katika kundi nyeti linalotaka ulinzi wa ziada. Lakini sheria haiketi mbele ya kompyuta. Anaketi mtu. Wilaya zetu zinahitaji vijana wanaojua kwa nini neno la siri la mfumo halibandikwi ukutani kwa karatasi.

Ngoja niwape kisa cha kweli. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, programu hatari iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta duniani na kudai fidia. Uingereza iliingia hospitalini. Magari ya wagonjwa yalielekezwa kwingine, na inakadiriwa miadi ya wagonjwa takriban 19,000 iliahirishwa. Aliyesaidia kuizima ni kijana wa miaka 22, Marcus Hutchins, aliyekuwa nyumbani kwao kusini magharibi mwa Uingereza. Chuo kikuu hakukisoma, kompyuta alijifundisha mwenyewe. Aliona kwamba programu ile kabla ya kushambulia huulizia anwani fulani ya mtandaoni ambayo haikuwa na mwenyewe. Akaisajili kwa dola kama 10, na programu ikaacha kusambaa.

Kisa hakikuishia hapo. Miezi mitatu baadaye alikamatwa Marekani. Akiwa kijana mdogo zaidi, akijifunza peke yake usiku na watu asiowajua, alikuwa ametengeneza programu ya kuiba taarifa za benki. Mwaka 2019 alikiri makosa. Hakimu alizingatia mema aliyofanya na hakumwongezea kifungo, lakini miaka miwili ilikuwa imepita akiwa mbali na kwao akisubiri kesi.

Ni kijana mmoja na ujuzi ni ule ule. Siku moja uliokoa hospitali, siku nyingine ulikuwa unawatumikia wezi. Tofauti ilikuwa ameufanyia kazi nani, na kwa ruhusa ya nani.

Maswali mawili ya kumuuliza

Mzazi, huhitaji kujua kompyuta. Unahitaji maswali mawili, na uyaulize kwa upole, ikiwezekana mkiwa mnamenya ndizi na si mbele ya wageni.

La kwanza: "Hicho unachojaribu kukifungua ni cha nani?" La pili: "Mwenyewe amekuruhusu?"

Mwanafunzi wa uuguzi hujifunza kuchoma sindano kwenye mdoli kabla ya kukaribia mkono wa mtu. Somo hili nalo lina midoli yake, yaani tovuti zilizotengenezwa makusudi ili wanafunzi wazifungue. Akikuonyesha hizo, tulia. Akikwambia ni simu ya mwalimu, akaunti ya rafiki, au mtandao wa ofisi fulani "kwa kujaribu tu", hapo simamisha.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina neno "kujaribu tu". Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa lenye faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Pia mwambie kwamba tangu Oktoba 2023 TCRA imetangaza kuwa anayetumia VPN anapaswa kuitolea taarifa. Video za kigeni hazitamwambia hilo.

Kuna dalili nyingine za kuangalia. Hela asiyoweza kueleza ilikotoka. Laini za simu zilizosajiliwa kwa majina ya wengine. Rafiki wa mtandaoni asiye na sura anayempa "kazi ndogo" yenye malipo. Kuzima kioo kila unapopita. Moja peke yake si ushahidi, lakini zikikusanyika kaa naye siku hiyo hiyo.

Aanzie wapi bila gharama

Yafuatayo ni ya bure. Yako kwa Kiingereza, lakini aliyefika kidato cha nne atayamudu akiwa na kamusi pembeni.

Khan Academy wana masomo ya mafumbo ya siri kuanzia Caesar hadi namba tasa. CryptoHack ni mazoezi ya mafumbo kwa hisabati na programu ya Python. OverTheWire wana mchezo uitwao Bandit, unaomfundisha kuendesha kompyuta kwa kuandika amri, ngazi kwa ngazi. picoCTF ni ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani na imetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Akikomaa, kuna kitabu cha Ross Anderson, "Security Engineering", ambacho mwandishi aliruhusu matoleo yake ya mwanzo yapakuliwe bure.

Kwa kubana bando, kurasa za maandishi hula kidogo sana kuliko video. Apakue mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha asome nyumbani. Na akikutana na mtu anayeuza "kozi ya udukuzi" kwenye Telegram kwa shilingi elfu kadhaa na ahadi ya kufungua simu za watu, huyo ni tapeli anayewinda wanaotaka kuwa matapeli.

Hela ya kahawa sasa. Ushauri wangu, usinunue kompyuta mwezi huu, wala usikatae moja kwa moja. Mpe miezi mitatu kwa simu aliyonayo. Simu ya Android inaweza kuandika Python na hata kucheza Bandit kupitia programu ya bure iitwayo Termux. Mwambie akifika ngazi ya 10, na kila Jumapili akakueleza wewe au baba yake kwa Kiswahili au Kihangaza alichojifunza wiki hiyo, mtakaa tena mzungumzie kompyuta. Asiyeweza kueleza hajaelewa bado. Na akiwa anacheza tu, miezi mitatu itamuumbua bila ugomvi.

Asidanganywe pia kwamba kujifundisha peke yake kunatosha. Ajira za serikali hutaka vyeti. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya usalama wa mtandao na uchunguzi wa kidijitali, na mlango wa kuingilia ni hisabati. Anachofanya sasa kiwe ngazi ya kupandia shuleni, kisiwe sababu ya kuiacha.

Neno kuhusu mabinti. Mara nyingi kaka yupo kwenye simu wakati dada yuko kisimani au jikoni. Kichwa cha hesabu hakina jinsia. Kama simu ni moja, gawa saa sawa, na kazi za nyumbani vilevile.

Usingizi, macho na upweke

Hapa ndipo kwenye fani yangu. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Anayekesha na kioo hadi saa nane usiku hasomi vizuri, anasahau, na hasira zinakuwa karibu. Simu ilale sebuleni kuanzia saa nne usiku, na ya mzazi ilale hapo pia ili isionekane ni adhabu. Kila dakika 20 ainue macho atazame mbali kwa muda kidogo, awe anatazama vilima au migomba. Akae kwenye kiti, asijikunje kitandani.

Upweke ni mbaya zaidi ya macho. Mtoto anayejifunza kitu ambacho hakuna mtu nyumbani anayekijua huishi kama mgeni kwao. Wapo wanaomngoja huko mtandaoni wamwambie wao ndio ndugu zake wanaomwelewa. Ukimnyang'anya simu bila kumsikiliza, atatafuta nyingine, na mara hii hutajua iko wapi. Mtafutie mtu mzima wa karibu: mwalimu wa hisabati, fundi kompyuta wa mjini anayeaminika, au mtaalamu wa TEHAMA wa halmashauri au wa hospitali.

Ya kufanya leo usiku, mkiwa wote

Mpe mwanao kazi yake ya kwanza ya ulinzi. Apige *106# kwenye kila simu ya nyumbani aangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mwenye simu. Mkikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe. Abadilishe kila namba ya siri yenye mwaka wa kuzaliwa, ila mwenye simu aiandike mwenyewe, yeye ageuke pembeni. Aweke ulinzi wa hatua mbili kwenye WhatsApp ya kila mmoja. Na meseji ya kitapeli ikiingia, tumeni neno UTAPELI kwenda 15040 na mfuate maelekezo ya kutaja namba ya tapeli.

Baba naye awepo. Atakapomwona kijana amegeuza uso ili asione namba yake ya siri, atakuwa amepata sehemu ya jibu alilokuwa akilitafuta.

Tukutane wiki ijayo. Kama una swali la familia na afya, liandike, na jina lako halitatajwa hapa.